Wavu Aliokamatwa Nao Marwa

Jumatatu, 7 Aprili
Nimemkosea Marwa, rafiki yangu wa utotoni. Leo tena nimefungua duka hapa mjini, mtaa wa Mukendo, nimepanga misumari, nimeuza rangi, na bado nimemkosea. Wavu ule ulikuwa wa kwangu. Kakamatwa nao yeye.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua. Huko mto Mara samaki wa ningu wanapanda kutaga. Kipindi hiki watu wa pale hawazibi kijito, wanawaacha samaki wapite kwanza. Mimi nilijua, nimekulia pale. Nikakiziba kwa wavu. Mama mmoja wa hoteli Bunda alitaka ningu wenye mayai. Tamaa tu.

Kesho yake asubuhi Marwa aliukuta wavu, akaingia majini kuwanasua samaki. Walinzi wa mwalo, kituo cha wavuvi, wakamkuta kaushika. Nilikuwa kwenye matete, nawaona. Nikanyamaza.

Alhamisi, 10 Aprili
Usingizi hakuna. Likizo za shule tulikuwaga mtoni wawili tu, mimi na yeye. Baba yake alitufundisha kufunga unyoya wa jogoo kwenye ndoano. Unaurusha maji yanapokimbia, unauacha uteleze kama mdudu. Samaki wa kuyu anakuja kwa hasira, fimbo inapinda mpaka unacheka mwenyewe. Mimi nilikuwaga na papara. Marwa ananitania, "We mura, unavua au unauchapa mto viboko?" Samaki wadogo tulikuwa tunawarudisha. Maji baridi, miguu imekufa ganzi, hatutaki kurudi nyumbani. Sijapata tena raha kama ile.

Ijumaa, 11 Aprili
Mke wa Marwa kaja dukani. "Shemeji, mtumbwi wamechukua. Jumanne kikao cha mwalo kinaamua kama wamfukuze mtoni kabisa. Mwenzio anasema wewe unamjua, utamsemea."

Nikamjibu nitaona. Nitaona! Mwoga mimi.

Marwa hajui kazi nyingine. Wakimfukuza, nimemmaliza.

Jumapili, 13 Aprili
Jumapili ya Matawi. Watoto wamejaa barabarani hapa Buhare ninapokaa, wanapigana kwa makuti. Mvua imekata. Baada ya misa nimemwambia mke wangu yote. Ameniletea chai, akakaa.

Jumanne natoka na pikipiki alfajiri kwenda mwaloni. Kabla kikao hakijaanza nitasimama mbele ya walinzi, Marwa akiwepo, niseme wavu ni wangu na mimi ndiye niliyeziba. Wachukue mtumbwi wangu ninaouacha pale mwaloni, wamrudishie wake. Wakinifukuza mimi, sawa. Jumanne hii, siyo nyingine.