Goti Limepoa

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Tumetoka hospitali. Iliasi nyuma ya pikipiki, mguu umetoka pembeni kama mpini wa jembe, anapungia watu mkono utadhani gavana. Mume wangu huyu!

Goti la chuma aliwekewa Bukavu mwaka juzi. Tangu mfungo wa Ramadhani linavimba. Kila asubuhi naweka kiganja: la kushoto baridi, la kulia moto. Dokta Hervé anashuku vijidudu vimejificha kwenye chuma. Ataingiza sindano, avute maji ya ndani, yakapimwe labo ya Bukavu. Ila kwanza wiki mbili bila antibiotiki hata moja. Kapsuli haziviui vijidudu vya kwenye chuma, zinavinyamazisha tu — labo haioni kitu, na huku mfupa unaliwa. Vikionekana, goti litafunguliwa tena Bukavu. Vikiwepo visionekane, mguu wenyewe unaweza kukatwa.

Njia nzima Iliasi alisalimia kila mtu isipokuwa mimi. Si kawaida yake.

Jumatano, 4 Oktoba

Mtaa mzima umekuja kumtazama mgonjwa. Na hapa kwetu nani anakuja mikono mitupu? Wifi yangu Aziza kaleta kuku, ndizi, na plaketi za kapsuli za ampisilini, antibiotiki zilezile alizokataza dokta. Nikamweleza habari ya sindano. Kacheka!

"Weye wifi! Dawa iliua mutu lini? Hii iko ya nguvu, ya Salamabila, si ya hapa."

Jirani Emilienne naye, katoka kusali na kapsuli zake ndani ya karatasi. Kila mgeni na zake. Siwezi kukataa, ni mapenzi hayo. Nimepokea, nimeshukuru, nimezitia zote kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Asiyefika chooni bila bega langu hatafika huko.

Jumamosi, 7 Oktoba

Maumivu. Nimemkanda mguu, naye kaniita askari wa gereza. Nikamwambia askari wa gereza hampikii mfungwa sombe ya kisamvu. Kala sahani mbili.

Alhamisi, 12 Oktoba

Goti limepoa! Nimeweka kiganja, nimeondoa, nimeweka tena. Hata uvimbe umeshuka. Alhamdulillah! Aziza anasema ni dua yake, Emilienne anasema ni rozari yake. Wagawane. Iliasi ananyoa ndevu huku anaimba.

"Unaona, Mama Ayoubu? Chuma imezoea mwenyeji wake."

Jumatatu, 16 Oktoba

Sindano. Ndefu! Nilimshika mkono, na aliyefumba macho ni mimi. Dokta Hervé aliuliza kama kuna dawa yoyote imemezwa. Iliasi kasema, "Uliza askari wangu." Nikajibu kwa kifua mbele: haikupita hata moja. Vichupa vimeondoka na ndege.

Alhamisi, 2 Novemba

Dokta kapiga simu. Labo haikukuta kijidudu! Nimelia jikoni, nimecheka, nimeunguza mchuzi. Kesho baada ya sala tunachinja mbuzi. Dokta nimemwalika.

Ijumaa, 3 Novemba

Wageni wako uani. Wali tayari. Mimi nimejifungia chumbani, naandika.

Nilishusha lile kopo nimrudishie Aziza dawa zake. Jepesi. Plaketi zimepangwa vizuri sana — tupu zote! Karatasi ya Emilienne imekunjwa vilevile, ndani punje za mahindi.

Nikamwita Iliasi. Alitazama kopo, akatazama gongo lake la kutembelea. Kumbe alikuwa analivuta kwa gongo, mimi nikiwa sokoni. Nilitaka kumpigia kelele mji usikie. Nikauliza tu: kwa nini?

"Bukavu ulilalaka chini kwa simenti ya hospitali mwezi muzima. Asubuhi nilikuwa nakuona unanyoosha mugongo, unajifanya hakuna kitu. Mi sikurudishi tena kule. Acha ikae hivi. Haiumi."

Mwongo! Nimepiga magoti, nimeweka viganja vyote viwili. La kushoto baridi. La kulia — dawa zimemwishia, na mimi nilikuwa nashughulika na mbuzi — la kulia linawaka.

Nimelia. Yeye kanifuta machozi kwa kofia yake, katoka kwenda kuchekesha wageni.

Kwenye simenti? Ningelala hata juu ya mawe. Nampenda mzee huyu kuliko anavyojua, na leo nitamchongea. Plaketi tupu nimezifunga kwenye pindo la kitenge, mahali pa hela.

Aziza anaita nilete mchuzi. Dirishani namuona Dokta Hervé, anasifu wali, mdomo umejaa. Iliasi kahamisha kiti. Kakaa kati ya dokta na mlango wangu, mguu kaunyoosha, njia kaiziba. Ananijua. Anajua nilivyofundwa: mke haruki mguu wa mumewe.

Nachukua bakuli. Leo nauruka.