Nusu Saa Kabla ya Chakula

Jumatatu, 3 Juni

Kidonge, kikombe cha maziwa mgando ili tumbo lisimsokote, kisha kungoja. Karatasi ya hospitali inasema nusu saa kabla ya chakula. Naifuata kama ratiba ya mtihani wa taifa. Uji haumfikii Baba hata dakika moja mapema.

Leo amekwama mlangoni. Miguu imegoma kabisa, kama ya mtu mwingine. Wiki ya tano hii ya dawa na nafuu siioni. Nimechelewa shuleni, nikawafokea Kidato cha Tatu bure.

Jumanne, 4 Juni

Kaka Masanja kapiga simu kutoka Chato. Kwake yeye ni zebaki, basi. Baba alichoma dhahabu kwa zebaki miaka kumi na saba, moshi wote puani, sasa tunashangaa nini? Daktari aliuliza habari za zebaki, akampima, akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Masanja hasikii la mwadhini wala la mteka maji.

Jumapili anakuja na gari ampeleke Baba kwa mganga. Sharti la mganga: vidonge viachwe. Mama amekubali. Daktari alionya kwamba vikiachwa ghafla Baba anaweza kukakamaa hata akafa. Nimesema. Nani ananisikia? Mimi ndiye kitindamimba.

Jumatano, 5 Juni

Nimesoma mapumziko yote, chai imepoa mezani.

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini. Bila dopamini mwili unasahau kutembea. Seli hizo ndizo zinazokufa. Protini fulani inajikunja vibaya, inagandamana, inajaa ndani. Mitokondria, majiko ya nishati ya seli, zinaishiwa nguvu. Seli ina wafagizi wake wa kuondoa takataka, wakizidiwa, imekwisha. Lakini jirani yake, aliyezaliwa naye siku moja, anadunda tu. Kwa nini huyu na si yule? Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Nimeudhika. Wao wana muda wa kubishana, mimi nina siku nne.

Na vidonge haviokoi seli hata moja. Vinaziba pengo la dopamini tu. Hilo sijamwambia Mama.

Alhamisi, 6 Juni

Kijiko kimemponyoka mara tatu. Mama akaanza kumlisha. Baba akageuza uso ukutani.

Namwonea huruma, halafu namkasirikia, halafu najichukia.

Ijumaa, 7 Juni

Paka kapindua chombo cha maziwa, hakikubaki kitu. Baba akameza kidonge kwa maji.

Saa mbili kasorobo amefunga vifungo vya shati mwenyewe. Vyote, hadi cha shingoni. Mama akapiga kigelegele. Mimi nikaogopa kutumaini. Kutwa nzima shuleni sikujua ninachofundisha.

Jioni jirani kaleta maziwa mgando. Kidonge kwa maziwa, kama kawaida. Baada ya saa moja Baba kakwama tena, palepale mlangoni.

Jumamosi, 8 Juni

Mjinga mimi. Mjinga mwenye shahada.

Maziwa ni protini. Yakisagwa yanakuwa asidi amino, na dawa ya Baba inapita mlango uleule wa asidi amino, utumboni na tena kwenye ubongo. Maziwa yanasongamana mlangoni, dawa inabaki nje. Nimefundisha usagaji wa protini miaka tisa! Nimetafuta siri za seli kufa na kupona, na kikombe nilikuwa nakishika kwa mkono wangu.

Lakini kwetu chakula ni ugali. Mtu anaweza kunywa maziwa tangu alfajiri na akakuapia kwamba hajala. Daktari alisema chakula, sisi tukasikia ugali. Hakuna aliyedanganya.

Nimempigia daktari. Amethibitisha: maji matupu, maziwa baadaye sana.

Nimemwambia Mama. Akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani tunamtunza." Ananiita Mwalimu akiumia. Tumelia wote wawili.

Leo asubuhi na mchana, maji. Anatembea. Mkono bado unatetemeka, lakini anatembea.

Jumapili, 9 Juni

Masanja kafika saa nne. Baba alikuwa amesimama uani peke yake. Masanja alisahau hata shikamoo. Alianza habari ya zebaki, akaishia katikati. Baba akamwambia, "Gari lako lirudi tupu, baba. Mimi siendi." Masanja akakaa chini, akafuta uso kwa kofia. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Sikuweza.

Baadaye nimemweleza Baba yote, Masanja akiwepo. Kwamba dawa haitibu. Kwamba seli zinaendelea kufa, na hakuna aliyepata njia ya kuzizuia.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Zimebaki ngapi, mayu?" Mayu, yaani mama, ndivyo anavyoniita.

"Sijui, Baba."

"Basi tuzitumie."

Tumekwenda zizini kuona ng'ombe wake, Baba mbele, polepole. Masanja alibeba kiti nyuma yake njia nzima. Baba hakukikalia.