Oveni ya Mama na Ushindi wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Jumamosi sikuwa kazini, kwenye steshenari yetu ya kuchapa na kutoa kopi, akabaki bosi peke yake. Baba akaenda huko kimyakimya, akaomba achapiwe barua pepe moja — ya rangi! — na ipigwe lamination, ile plastiki ngumu ya kufunikia vyeti. Leo nimeikuta sebuleni, imeegemezwa kwenye redio, inang'aa. HONGERA MPENDWA MSHINDI. Bahati nasibu ya kimataifa.

Baba hajawahi kununua tiketi ya bahati nasibu. Hata karata hachezi! Nikamuuliza, umeshindaje mchezo ambao hukucheza? Eti kompyuta imechagua anwani yetu ya barua pepe. Anwani gani? Ile niliyoifungua mimi, ya nyumba nzima, ambayo mdogo wangu ameimwaga kwenye kila tovuti ya kutafuta kazi. Ndiko walikoiokota hao mbwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma yote. Shirika kubwa la dunia, lakini anwani yao ni ya bure, ya kufungua wakati unasubiri chai ichemke, na tarakimu chungu nzima mkiani. Jina la Baba halipo popote. Wanataka nakala ya kitambulisho, namba ya akaunti, na "ada ya kutolea zawadi" kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Na asimwambie mtu yeyote! Anayekupa mali ya halali ana haja gani ya kukuziba mdomo?

Nikamweleza Baba moja baada ya jingine, kwa adabu zote. Akanisikiliza, akajibu:

"Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Ukiinama hapo, Baba, utapigwa teke."

Akanuna. Eti sina heshima siku hizi. Jikoni Mama akakohoa — nakijua kile kikohozi chake, alikuwa anacheka.

Jumatano, 5 Machi

Nimemvaa bosi. Hukusoma unachochapa? Eti yeye hasomi vya wateja. "Hata cheti cha kifo nakipiga lamination, simuulizi mtu kama marehemu amekufa kweli." Nikacheka. Halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Jioni kaja Baba mdogo, mdogo wake Baba na mshauri wake wa kila balaa. Kaishika ile karatasi kwa vidole viwili, asiichafue. Kasema kama ingekuwa ya uongo, ofisi yenu isingekubali kuipiga lamination.

Kumbe! Nikaelewa. Nyumba hii vitu vya lamination ni vitu vya kweli: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vyetu vya shule. Vyote nilivipiga mimi kwa mkono wangu. Sasa matapeli wamekaa humo humo, wanang'aa na sisi. Nikamwambia Baba mdogo kwamba kwa bei ileile hata ganda la ndizi tunalipiga lamination. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu ujanja. Baba, waandikie wakate ada yao kwenye hizo hizo pesa za zawadi, wakutumie kinachobaki. Akaona ni akili. Tukaandika. Jibu halikuchelewa: sheria hairuhusu, na mshindi akichelewa nafasi yake anapewa mwingine.

Halafu wakapiga simu. "Mkurugenzi." Sauti laini kama mafuta, "mzee wangu" nyingi. Baba alisimama kuongea naye! Kavua kofia, sebuleni mwake mwenyewe, kwa mwizi. Baba huyu, fundi bomba aliyegombana na matajiri wa mji huu na hakuwahi kuinamisha kichwa. Niliumia kuliko nilivyokasirika.

Ijumaa, 7 Machi

Ameuza oveni ya Mama.

Ameuza OVENI! Ile kubwa ya gesi, inayooka keki za harusi za mtaa mzima. Iliyotusomesha mimi na mdogo wangu. Amemuuzia mwoka mikate wa mtaa wa chini, kachukua malipo ya awali, nayo tayari yameenda kwa Mkurugenzi. Kilichobaki analipwa kesho watakapokuja kuibeba. Nacho kitaenda huko huko.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Nimemwambia Baba neno ambalo sitaliandika. Sikio la kufa halisikii dawa! Baba mdogo akasema hasira hasara. Nikamwambia hasara ni yeye.

Mama aliuliza tu watakuja saa ngapi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama, nyuma ya mlango wa jikoni.

Wabebaji wamekuja asubuhi na mkokoteni. Mama akawakaribisha vizuri sana, akawapa viti. Akawaambia wawe na subira, ndani kuna keki, na oveni ya moto haibebwi. Keki ikatoka. Ikaingia nyingine. Ikatoka, ikaingia nyingine. Hakuna aliyeagiza! Meza imejaa, sasa anapanga juu ya friji. Wabebaji wanakula. Baba mdogo naye anakula, hana haya.

Mkurugenzi anapiga kila mara. Baba anamwambia dakika chache tu, bosi, dakika chache. Jasho linamtiririka. Mwisho akaingia jikoni:

"Mke wangu, unawapikia nani zote hizi?"

"Si umeshinda, mume wangu? Wageni watakuja kukupongeza. Watakula nini?"

Wala hakugeuka. Akaendelea kupiga mayai. Baba akasimama pale, simu inalia mkononi.

Saa sita ya Mkurugenzi haijafika. Mama ameniita kwa kidole, ananong'ona: unga umebaki wa keki moja. Nipite mlango wa nyuma, nikimbie dukani. Nikamuuliza nilete kilo ngapi.

Kasema nilete zote ninazoweza kubeba.