Uzi ya Meno ya Papa

Maman,

Bwana yako atanimaliza. Najua mutu anaanzaka na salamu, lakini leo nianze na meno yake.

Kisha kukuzika, nilifunga vitu vyangu kule Kamituga nikarudi hapa Muhumba kukaa na Papa, juu wandugu zangu wote wako mbali na yeye peke yake hajui hata kupasha chai. Nilifikiri nitapambana na huzuni. Kumbe ni uzi! Uzi ya kusafisha meno, Maman! Mimi mutu muzima, mama ya watoto, naamuka asubuhi na mawazo ya uzi.

Papa alianza kuacha chakula. Kwanza aliacha nyama. Kisha sombe, ati majani ya muhogo yanaingia kati ya meno na kubakia humo. Kisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, yeye ambaye alikuwa anakula hata na mifupa! Akabakia na uji tu, na suruali zikaanza kumuanguka. Nikamupeleka kwa munganga ya meno kule Ibanda. Akaangalia, akatikisa kichwa. Ufizi imevimba, imejaa masalio ya chakula, na kama hasafishi katikati kila siku, yale magego ya nyuma yatatoka. Na ni hayo tu amebakia nayo ya kutafunia. Papa, na kiburi yake yote ya mwalimu, akamujibu: «Docteur, mimi nasafishaka kila mangaribi. Na uzi.» Njiani akaniambia tatizo ni moja tu: uzi ya nyumbani iliisha, nimununulie ingine.

Basi nikanunua. Yesu Maria! Ya kwanza, ya sokoni, ilikatika mara ilipogusa lile jino lenye kuzibwa, yenye plombage, ikaacha manyuzi humo ndani, ikawa uchafu juu ya uchafu. Nikaenda farmasi, nikachukua ile nguvu kabisa, unaweza kuvuta nayo ndoo ya maji. Alisema inakata kama waya, akanionyesha damu kwenye kitambaa kama vile ni mimi nilimupiga. Yenye ilifuata ilikuwa na mint. «Inachoma. Unataka nimufuate mama yako?» Nikamuletea ile ya kijiti ya plastiki, uzi imeshafungwa tayari. Akaigeuzageuza, akakunia nayo sikio.

Wasichana wa farmasi wakiniona naingia, kila mutu anajifanya iko na kazi. Vraiment, nimegeuka mukaguzi ya nyuzi. Nazivuta, nazipitisha mu meno yangu mwenyewe mbele ya kioo, na nimejifunza: ile ya mviringo inaumiza ufizi, ile bapa kama utepe inalala vizuri, yenye nta inateleza na haichanikichaniki kwenye plombage. Mwisho nikapata moja, bapa, iko na nta, haina harufu, inapita kati ya meno yangu yenye kubanana bila shida na inatoka nzima. Nikasema, asante Mungu. Nikamupa Papa. Akaiangalia, akaiweka kwenye meza. «Haiko kama ya mama yako.»

Hapo nikalipuka. Nikamuambia, Papa, hii ni uzi, haiko bibi arusi! Shika, fanya mbele yangu, nione inakusumbua wapi.

Akashika. Akaizungusha yote kwenye kidole kimoja, kama mutu anakunja sufu. Akapeleka kidole mpaka kwenye mudomo, akakosa pa kuanzia. Akaishusha kwenye magoti, akaniangalia kama mwanafunzi hakufanya devoir. «Zile zingine nilikuwa nazisukuma tu ovyo. Ni yeye alikuwaka ananifanyia.»

Eh, weye Maman! Miaka yote hiyo! Kila mangaribi, mukimaliza kula, munaingia mu chumba, munafunga mulango, na sisi watoto tunaambiwa kimya, wazazi wanasali rozari. Wakristo wote wa shirika yetu, ile jumuiya ya sala ya mutaa, walijua hivyo. Siku ya maziko, rais wa shirika alisimama mbele ya Padri akawasifu, ati ndoa yenye kufunga siku na sala. Watu wakalia. Na Papa akainamisha kichwa, hakusahihisha hata neno! Kumbe ulikuwa unamutoa sombe mu magego. Uliniachia maagizo ya sufuria, ya vitenge, ya kuku, lakini hiyo ukaenda nayo. Niko na hasira na nyinyi wawili, Maman. Hasira kabisa.

Nikamuambia, lete, nitakufanyia. Akakataa. Unajua kwetu, binti haingizi vidole mu kinywa ya baba yake, ni haya kubwa. Akageukia ukuta, akarudilia uji yake. Nikapiga kelele, nikabembeleza, nikapiga kelele tena. Mwisho nikachoka, nikamuacha.

Jana mangaribi alikuja mwenyewe jikoni na ile kisanduku ya uzi mu mukono. Akaketi. Akafunga macho kwanza, ndipo akafungua kinywa.

Nikanawa mikono. Nikaanza kumuelezea, Papa hii haitauma, Papa geuka kidogo, na kila niliposema, sura yake ilikunjamana na shingo ikakauka. Nilipofika nyuma nikanyamaza, juu nilikuwa natafuta nafasi ya kupitisha uzi. Hapo akalegea. Kichwa yake ikaja polepole ikaegemea tumbo yangu, na machozi yakatoka chini ya macho yenye kufungwa, yakashuka mpaka kwenye vidole vyangu. Nikaendelea na kazi. Nikaelewa kwamba ni sauti yangu ndiyo ilikuwa inamusumbua.

Leo saa sita amekula nyama ya mbuzi. Amelalamika ni ngumu. Nikaenda kulilia nyuma ya nyumba, ya furaha, ya hasira, sijui.

Pumzika, Maman. Bwana yako namushika, usiogope. Na nakuahidi kitu kimoja, mimi mwenye siwezi kunyamaza hata mu misa: kila mangaribi nikishika ile uzi, sitasema neno, ili akifunga macho akukute.

Binti yako,
Nsimire