Zuwena na Mtihani wa Meno

Basi hawakumchukua, Maryamu mdogo wangu. Ule mtihani wa chuo cha meno cha Uhindini, niliokwambia mjukuu wetu Zuwena anaufanya, majibu yamekuja na meli ya juzi na hakupita. Kakosa kidogo tu. Na ungesikia alivyokosa ungecheka, halafu ungelia. Mie nimelia kwanza.

Hata salamu sijakupa, nisamehe. Hujambo weye? Miguu bado inavimba? Mie mzima, alhamdulillahi, lakini nimechoka. Nimechoka na joto la huku Maskati, nimechoka na maji yaletwayo na punda, yana chumvi hata chai haiwi chai. Na Kiarabu changu nikikisema kwa majirani wanatazamana wao kwa wao. Huko kwenu khabari gani? Usinijibu yote, barua zinapita mikono mingi.

Zuwena, usininunie, andika. Ndiye yeye anayeniandikia, Maryamu, nani mwengine humu ndani ana khati nzuri?

Mtihani aliufanyia hapahapa mtaani kwetu Matrah, kwa mzee mmoja wa Kihindi, daktari wa meno, nyumba yake nyuma ya soko. Wale wa chuo wanamwamini, karatasi humletea yeye, anakaa na mtoto mpaka amalize, anazirudisha. Kwanza walimpa chaki aichonge iwe jino. Mkono wa kushona kofia ule, niliomfunza mie! Jino likatoka la kweli, utasema litauma. Halafu ndiyo masuala. Unaulizwa, umewekewa majibu manne, unatia alama kwenye moja.

Sasa zamani, ukipatia unahesabiwa, ukikosea basi, hapana neno. Watu walikuwa wakitia alama kila pahala, anajua hajui, anabahatisha. Mwaka huu wamegeuza. Ukikosea wanakukata katika yale uliyopatia! Ukiacha patupu hawakupi wala hawakukati. Na imeandikwa juu ya karatasi, na Zuwena kaisoma, na mzee kamsomea tena kwa mdomo wake.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Na ukajaza yote?"

"Nikajaza yote."

"We mtoto una wazimu?"

Kashona tundu mbili tatu za kofia yake. Halafu kasema, "Bibi, yule mzee kanipa chumba chake. Kawarudisha wagonjwa wake kwa ajili yangu. Mkewe kaniletea chai na vitu vya kutafuna. Nimrudishie karatasi ina matupu matupu? Niliona haya."

Ningemwambia nini, Maryamu? Unamkumbuka mama. Sahani ya jirani ikija kwetu hairudi tupu. Hata siku nyumbani hamna kitu, atatia ndimu mbili, atatia konzi ya sukari, lakini irudi na kitu. Mtoto kalelewa hivyo, na karatasi ya watu kaifanya sahani. Pale asipojua kaweka ndimu. Na kila ndimu wamemkatia.

Nikavaa buibui langu nikamwendea yule mzee. Kiswahili anakijua, alikaa Mombasa ujanani. Nikamwambia, "Daktari, hii dhulma. Mtu kapata chake kwa haki, mnamnyang'anya kwa sababu ya kingine?"

Akacheka. "Bibi, una meno mangapi?"

"Yaliyobaki yananitosha, usiyahesabu."

"Haya. Likikuuma moja, na mie sijui lipi, unataka niseme sijui, au ning'oe tu?"

Hapo nikamkumbuka marehemu bwana wangu, Mungu amrehemu. Si alikwenda kwa yule kinyozi wa Malindi huko kwenu, akang'olewa jino zima, bovu likabaki? Karudi tena, kang'olewa zima jengine. Na hakusema kitu! Ati asimvunje kinyozi moyo. Kaja nyumbani shavu kama andazi, na jino bovu analo palepale. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Lakini kanambia neno moja. Chuo kitamruhusu aufanye mtihani mara ya pili, mara moja hiyo tu, akiombewa sasa. Meli inaondoka kesho, na barua ya kumwombea lazima iende nayo. Anakuja leo kuchukua jawabu, na Zuwena hataki. Anasema hana uso wa kukaa tena kwenye meza ya yule mzee. Mwanangu Nassor, babake, naye kajifanya mstaarabu. "Mama, simlazimishi." Asimlazimishe, sawa, lakini hata kumsihi?

Nakwambia weye kwa sababu sina wa kumwambia. Skuli ya wasichana wakubwa hapa hamna. Akikataa, atakaa humu ndani na mie, anashona kofia, anangoja maji ya punda, mpaka awe mie. Mie nimeshakaa, Maryamu. Sikusoma, hata jina langu ananiandikia mtu. Sitaki akae yeye. Usifute hilo, Zuwena. Nimesema andika.

Nisalimie shemegi yangu, mumeo, mwambie kifua akikande kwa mafuta ya moto. Nisalimie Khamisi, mtoto wa kaka yetu, asiache kupita kaburini kwa mama. Na Bi Zuhura jirani aliyenisaidia kumlea Nassor, mwambie simsahau. Mie dada yako, asiyekuwa na...

Huyo Nassor ananiita. "Mama! Daktari kafika, njoo!"

Nakuja! Mtilieni kahawa kwanza!

Zuwena, nitazame. Mgeni yuko sebuleni, nikamwambie nini? Si mie wa kujibu. Sema. Sikusikii, sema kwa nguvu.

Kasema atafanya, Maryamu! Kasema, "Mwambie nafanya, bibi, lakini si kwake. Aje yeye na karatasi zake hapa kwetu, awe yeye mgeni." Ewaa! Hapa kwetu hana la kumrudishia mtu, asilolijua ataliacha patupu. Lete mkono niinuke, magoti haya. Nakuja, Nassor, nakuja.