Nimesasisha Draiva, Mama Mkwe Akatembea

Mshauri, shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma kaa kwanza, maana mimi tangu Jumamosi nikisimama naona dunia inazunguka, na sijui nianze na kompyuta au nianze na mama mkwe, basi acha nianze na kompyuta kwa sababu ndiyo iliyoniletea makubwa haya, naomba unisaidie.

Sebuleni kwetu chini ya televisheni kuna kompyuta ambayo mume wangu, fundi wa friji, aliiunganisha kwa mikono yake, akatia ndani kadi ya kunasa matangazo, waya wa antena unaingia nyuma ya kadi, picha inapita kwenye kompyuta inatokea kwenye skrini, ukitaka kurekodi tamthilia unarekodi, ukitaka kusimamisha taarifa ya habari ukageuze maharage unasimamisha, na kwa kweli nilikuwa naringa nayo kwa majirani. Tatizo ni kwamba sauti ilikuwa inatangulia na picha inafuata nyuma, mtangazaji ameshaaga na mdomo wake bado unatafuna habari za michezo, na kila ukiiwasha inakuletea kisanduku kukwambia kwamba draiva ya kadi, yaani kile kiprogramu kinachoifanya kompyuta ielewane na kadi, imepitwa na wakati, je, usasishe? Nikimuuliza mume wangu anaruka kama nimeshika waya wa umeme. "Hapo usiguse! Ukigusa utaharibu kila kitu!" Nami nikawa naacha.

Sasa kuna mama yake. Alikuwa anakaa kwa binti yake, yaani wifi yangu, akaanguka bafuni mchana hakuna mtu nyumbani, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akaletwa kwetu, na daktari akasema mfupa umeunga vizuri, aanze kutembezwa taratibu, lakini kila tukimsimamisha anasema miguu imekufa ganzi, anarudi kulala. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa na meza yangu kwenye duka la ushonaji pamoja na mwenzangu, nikaiacha ili nimuuguze, namwogesha, namlisha, namgeuza asipate vidonda, mgongo wangu umekwisha, na sisemi kwamba ni mtu mbaya, hapana, tunapiga soga sana, anapenda nikae kitandani nimsimulie vituko vya wateja, na nikinyanyuka tu anakumbuka kitu kingine anachotaka. Mwenzangu wa dukani amenivumilia mpaka amechoka, juzi kanipigia simu: "Fundi, kuna binti anaitaka meza yako. Wiki hii unipe jibu, unarudi au hurudi?"

Basi Jumamosi mume yuko kazini, wifi kaja kumwona mama yake, mama kasema anasinzia tumfungie mlango, tukaenda sebuleni kuangalia marudio ya tamthilia. Sauti ikatangulia kama kawaida yake, wifi akaanza kunicheka na kompyuta yangu ya kuringia, nami nikapandwa na hasira nikasema leo ndio leo. Usinione mshamba, mshauri, nilifanya kwa utaratibu, nikasoma namba ya kadi, nikapakua draiva kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, nikaondoa ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha upya. Kumbe draiva mpya ikiingia inasahau mipangilio yote! Na kadi ile ina matundu mawili nyuma, moja la antena, na jingine nilidhani siku zote halina kazi, ikafungua hilo jingine.

Ikatokea picha ya chumba. Nikadhani ni tamthilia, hata nikamwambia wifi hawa nao wana mapazia kama yetu, halafu nikaona upindo wa pazia la kushoto umekwenda mshazari, na upindo ule niliushona mwenyewe nikiwa na homa, siwezi kuusahau. Ni chumba cha mama mkwe, mshauri! Kinaonekana kutoka juu ya kabati! Na kabla sijameza mate, mama mkwe akatupa shuka, akashuka kitandani, akatembea. Akatembea bila fimbo, bila kushika ukuta, mpaka dirishani, akafunga dirisha maana manyunyu yalikuwa yanaingia, akachungulia nje kidogo kama mtu asiye na haraka, akarudi, akapanda, akajifunika vilevile nilivyomfunika mimi, akalegeza mikono, na hapohapo nikasikia sauti kutoka chumbani: "Mwanangu weee! Njoo unigeuze, ubavu umekufa ganzi!"

Rimoti ikaniponyoka. Nikamgeukia wifi nikitegemea naye ameshika kichwa, wapi! Anaangalia vidole vyake vya miguu. Akasema polepole, "Jamani, wifi, kwani kaka hajakuambia?"

Hajaniambia nini? Ndipo akamwaga yote, kwamba mume wangu alificha kamera mle ndani, waya wake akauchomeka kwenye lile tundu la pili la kadi, akiogopa mama asianguke tena, mama mwenyewe hajui, akamwona anatembea, akamweleza dada yake, wakakubaliana wanyamaze, kwa sababu mama amenawiri mikononi mwangu, na ikijulikana kapona itabidi arudi kwa wifi, na wifi anashinda kazini kutwa. Yaani wote wanajua isipokuwa mimi ninayeinama!

Mume aliporudi nikampokea mlangoni, nikamwambia nimeona. Unajua alisema nini? Hakusema samahani, hakusema pole. Alisema, "Nani alikuambia uguse draiva?"

Sasa ananiomba nirudishe draiva ya zamani, mambo yawe kama yalivyokuwa, nisimwaibishe mama yake. Nami mjinga, mshauri, bado naenda kumgeuza! Naingia, nainama, namgeuza, natoka naenda kulia bafuni na bomba nimelifungua. Je, nimfumanie mbele ya ukoo wote? Nifungashe niondoke? Au nirudishe draiva, nifunge mdomo, na meza yangu achukue yule binti? Nijibu kabla sijashikwa na wazimu.

Ni mimi,
Fundi Niliyepigwa na Butwaa

*

Marahaba, mwanangu. Nilikaa kama ulivyoniagiza, nikasimama mwenyewe nilipofika kwa wifi yako na vidole vyake vya miguu.

Pole sana. Umechezewa, na wala usikubali mtu akuambie umekuza mambo. Lakini nawe ngoja nikugombeze kidogo. Umeniorodheshea waliokudanganya, mama mkwe, mume, wifi, ukaliruka kubwa kuliko yote. Huyo mama unamwogeshea wapi? Si humohumo chumbani? Basi kamera ya mumeo imemchukua mama wa watu hana nguo, na imekuchukua wewe ukiinama, ukimnyanyua, ukijishika kiuno. Mwanaume amekaa kwenye kochi anakutazama unavunja mgongo kwa mtu anayetembea, kisha anakuuliza chakula kiko tayari? Mimi miguu ya bibi haikunishtua. Hilo limenitoa jasho, nimesoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya.

Kwa mama mkwe, punguza jazba. Amekukosea, ndiyo, na mgongo wako ni shahidi. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ukinyanyuka tu anakumbuka kitu kingine. Huyo hataki kugeuzwa, mwanangu, anataka mtu wa kukaa naye. Kwa binti yake alishinda peke yake na akaanguka peke yake, na anajua fika kwamba siku akionekana dirishani atafungashiwa arudi kule. Anaogopa. Angesema tu, ingekuwa rahisi kwenu nyote, ila waoga hawasemi, na wanawe nao wamemrithi.

Kwa hiyo habari ya kumfumania mbele ya ukoo ifute kabisa, na ya kufungasha iache kwanza. Draiva usirudishe. Uliiweka vizuri na hukuharibu chochote, mambo yalikuwa yameshaharibika hata hujabonyeza. Mwambie mumeo achomoe waya wa ile kamera leo, mbele ya macho yako, afute kila kilichorekodiwa, kisha aende mwenyewe akamweleze mama yake alichofanya na amwombe radhi. Usimsemee. Akigugumia, mwache agugumie.

Na kabla hata hujaweka sufuria jikoni, mpigie mwenzako wa dukani umwambie unarudi. Usimwambie "nitaona", usimwambie "tuombe Mungu". Sema narudi. Miguu inayofika dirishani, ikipumzishwa njiani, itafika dukani pia, mwekee mama kiti kando ya meza yako awaone hao wateja wenye vituko kwa macho yake. Siku asipotaka kutoka, mumeo na wifi yako wapeane zamu. Ni mama yao, jamani! Wasipokubali kupeana zamu, niandikie tena na tutaongea habari ya kufungasha.

Limebaki la wewe na mama, na hili lifanye mwenyewe kabla mumeo hajaenda kuungama kwake, bila mume, bila wifi, bila skrini. Akikuita umgeuze, nenda. Ila safari hii jaza mikono, beba beseni, beba shuka safi, simama nje ya mlango wake uliofungwa na umwite kwa sauti yako ya kila siku: "Mama, mikono imejaa, nifungulie." Usisukume mlango na usiongeze neno. Ukisikia kitanda kinalia, usicheke wala usilie, subiri hapohapo mpaka kitasa kizunguke.