Ile Picha ya Kulia

Jumatatu, 7 Julai
Kidonge cha asidi ya foliki. Chai ya rangi na ugali, bila ndimu. Daktari wa Morogoro anasema chai hukizuia chuma, ndimu hukikaribisha. Suruali nane za shule bado kushonwa.

Wifi Zaina amekuja kutoka Kilosa na mkoba wake wa unga wa chuma anaouza, wa kuongeza damu. Nimemwambia kwa mara ya kumi: thalasemia yangu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, haiponi kwa chuma. Chuma ninacho cha kuuza. Kila chupa ya damu ninayoongezwa huniachia kingine, kinajaa kwenye ini na moyo. Amesema najivunia ugonjwa.

Jumatano, 9 Julai
Mteja kanionyesha simu yake. Mimi, kwenye tangazo la wifi. Picha ya kushoto, Machi, nimelala mkekani, midomo imepauka. Ya kulia, harusini, nang'aa. Chini yake: "Wiki mbili tu za unga wetu!"

Mwongo. Zilikuwa chupa mbili za damu ya watu nisiowajua.

Nimeshona miguu miwili ya suruali pamoja. Nimefumua.

Alhamisi, 10 Julai
Nimempigia Zaina. Akajibu: "Wifi, picha tu hiyo. Nani kadhurika?"

Mume wangu anataka tuyamalize kifamilia. Dada yake, lazima aseme hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha. Nimefichiwa. Nimekasirika.

Jumamosi, 12 Julai
Amekuja mama mmoja kutoka Kimamba na bintiye Salma, miaka sita. Mabasi mawili, anauliza njia nzima fundi wa kwenye picha anakaa wapi. Amekuja kunishukuru. Kaniletea kuku.

Nilimtazama mtoto nikajiona mwenyewe. Macho ya njano, tumbo limejaa bandama. Kadi yake ya hospitali imeandikwa thalasemia. Miezi miwili anakunywa ule unga, tena kwa maji ya ndimu, kama alivyoelekezwa. Mama yake ameacha kumpeleka kuongezwa damu.

Nikakunja mkono wa gauni, nikamwonyesha makovu ya sindano.

"Dada, mimi sijapona. Niliongezwa damu."

Hakunilaumu. Alilia kimya kimya. Nadhani hakulilia unga. Alililia kule kupona.

Jumatatu, 14 Julai
Kilosa. Nimeliweka kopo la unga wa Salma mezani kwa wifi. Nikamwambia aliyedhurika anaitwa Salma. Akasema hakujua. Asiyejua haandiki tangazo. Nimekataa chai yake, na sijawahi kukataa chai ya mtu. Sikuondoka mpaka alipompigia mama Salma, mbele yangu, akasema kwa mdomo wake kwamba alidanganya.

Jumanne, 22 Julai
Morogoro, siku ya damu. Salma kitanda cha pili. Chuma chake kimepanda. Ataanza dawa ya kukitoa, kama mimi. Kuku wa mama yake bado anatembea uani kwangu. Sina moyo wa kumchinja.

Nilimwomba muuguzi anipige picha, chupa ionekane. Nikamtumia wifi: weka hii. Ameiweka. Hakuandika neno.

Salma aliuliza kama chupa ikiisha tutakuwa tumepona. Nikamwambia hapana, tutarudi mwezi ujao. Akageukia dirishani.

"Basi nikitangulia kufika nitakuwekea kitanda cha dirishani."